Aisifuye Mvua Imemnyea: Karatasi ya Tatu na Safari Tusizosafiri

Kabla hujakimbilia ukurasa wa mashairi, ambao najua ndio wenye wateja wengi katika jarida hili, nakuomba uketi nami kidogo. Huenda ukashangaa kwa nini makala kuhusu mtihani wa Kiingereza yamepenyezwa katika jarida la Chama cha Kiswahili. Hata katibu wetu aliposikia nitaandika nini, alinitazama kama mtu aliyeona jogoo akitaga. Akaniuliza, "We, kwani umehamia upande ule?"

La hasha! Sijahama. Nimekuja kusema jambo moja tu, nalo linahusu lugha zote mbili tunazotahiniwa. Wengi wetu tunajiandaa kuandika habari za safari kwa kukariri safari ambazo hatujawahi kusafiri, ilhali safari zetu wenyewe tunazikanyaga kila asubuhi na kuziona si kitu. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Sisi tunaisifu mvua tuliyosimuliwa.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni.

Muhula wa pili tulifanya mtihani wa mwigo. Karatasi ya Tatu ya Kiingereza, 101/3, sote tunaijua. Ni saa mbili na nusu, insha tatu, kila insha alama 20, jumla alama 60. Ya kwanza ni insha ya kubuni na mbili zinazofuata ni za vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa. Siku hiyo swali la kwanza lilitaka kisa kuhusu safari iliyombadilisha msafiri. Nilipoliona nilitabasamu. Nikasema moyoni, "Hii ni yangu!" Safari nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeikariri tangu Kidato cha Pili kutoka kwenye daftari moja ambalo limepita mikono mingi mpaka jalada lake likaisha.

Safari yenyewe ni hii. Msimulizi anaamshwa na ndege wanaoimba. Anga ni ya samawati na haina wingu hata moja. Baba ameahidi kumpeleka Mombasa kwa kuwa amepita mtihani, hivyo anawasha gari na kuwapeleka wote stesheni. Wanapanda treni ya usiku, behewa la kulala. Chakula cha jioni kinaletwa na mhudumu aliyevaa glavu nyeupe pepepe. Asubuhi wanaiona bahari, wanaogelea, wanakula samaki, na mwishoni msimulizi anasema kwamba siku hiyo haitamtoka akilini mpaka kaburini.

Sasa nisikilize, msomaji. Baba yangu hana gari. Bahari sijaiona kwa macho yangu. Na ile treni ya zamani ya kulala iliacha kubeba abiria mwaka 2017, pale reli mpya ilipoanza kazi. Siku hizi anayekwenda Mombasa kwa treni hupandia Syokimau. Kwa hivyo niliandika safari ambayo sikwenda, kwa treni ambayo haipo, nikilipiwa nauli na baba ambaye si wangu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza si mtu wa maneno mengi. Aliingia darasani na bunda la karatasi, akaliweka mezani taratibu.

"Jana usiku nimeenda Mombasa mara tisa," alisema. "Treni ni ileile. Mhudumu ni yuleyule wa glavu nyeupe. Kwani huyo mtu hapewi likizo?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, lakini kicheko changu kiliishia kwenye meno. Nilipopata karatasi yangu niliona 6 kwa 20, na chini yake swali moja kwa kalamu nyekundu: msafiri alibadilika vipi? Nilirudi kwenye insha yangu kumtafuta huyo msafiri aliyebadilika. Sikumpata. Aliondoka Nairobi akiwa na furaha na akafika Mombasa akiwa na furaha. Swali halikuuliza kama alifurahi.

Kwa nini basi tunakariri? Nisiwe mtu wa kuwalaumu wenzangu, kwani najua sababu. Kiingereza ni lugha ya darasani kwetu, si lugha tuliyonyonyea. Mtu akisimama mbele ya karatasi tupu na saa inakimbia, hutafuta mahali pa kushika. Isitoshe, alama zina uzito. Bila wastani wa C+ mlango wa shahada ya chuo kikuu haufunguki, na Kiingereza hakikwepeki. Rafiki yangu wa dawati moja huniambia, "Si ni mtihani tu? Unakremu, unapita, unasahau. Nini mbaya?"

Lakini nimefikiri, na naona kuna sababu nyingine ambayo hatuisemi kwa sauti. Tunaona haya. Mtu ametuaminisha kwamba safari ya kuandikwa ni ya ndege au ya treni yenye chakula. Safari ya matatu ya Kayole si safari, ni shida tu ya kila siku. Uwanja wa ndege ninaoujua mimi ni ule wa Machakos, yaani kituo cha mabasi ya mashambani karibu na Muthurwa, ambacho watu wa Nairobi kwa utani wao walikibatiza Machakos Airport. Hapo ndipo mama yangu alipotua mara ya kwanza alipokuja mjini, akiwa na kikapu na kuku mmoja. Lakini nani angethubutu kumpelekea mtahini kuku?

Ndugu msomaji, hebu tutembee kidogo katika mitaa yetu hii ya Eastlands tuone kama kweli hatuna safari.

Anza na Kariokor. Jina hilo si la Kiswahili wala la mti. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, wakabeba mizigo ya jeshi kwa vichwa na mabega mpaka Tanganyika. Maelfu kwa maelfu hawakurudi, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao, jina ni lilelile. Sisi tunapita Kariokor tukinunua vikapu na nyama choma, wala hatujui kwamba tumesimama juu ya jina la safari ndefu kuliko zote walizowahi kutembea babu zetu.

Ukishika Jogoo Road unakutana na Mbotela. Mtaa huo umebeba jina la Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa chama cha KAU na aliyeuawa hapa Nairobi mwezi wa Novemba 1952. Ukoo wa Mbotela ni wa Freretown karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari miaka ya 1870 ili watumwa waliookolewa wapate pa kukaa. James Mbotela wa ukoo huohuo aliandika kwa Kiswahili kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Ndani yake anasimulia jinsi watu walivyokamatwa bara, wakapelekwa pwani na kupakiwa chomboni, kisha wakakombolewa na manowari ya Waingereza. Kwa hivyo konda akigonga bodi ya gari mara mbili ili abiria wa Mbotela ashuke, anataja bila kujua jina lililotoka kwenye minyororo.

Na Ofafa je? Ni Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Na Jerusalem na Jericho? Kwenye Biblia, njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ndiyo ile ambayo msafiri alivamiwa na wanyang'anyi, na Msamaria akamwinua. Kwetu hiyo njia ni mtaa na jirani yake, na wanyang'anyi bado wapo, na Wasamaria pia hawajaisha.

Yaani tumezaliwa kituoni, halafu tunaazima safari kwa jirani. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Sasa nitakusimulia safari ambayo ningaliweza kuiandika siku ile ya mtihani wa mwigo na sikuiandika.

Nilipokuwa shule ya msingi, mama yangu aliuza nguo za mitumba za watoto, kama anavyouza hata leo. Mitumba hununuliwa Gikomba alfajiri, wakati beli zinafunguliwa. Anayechelewa anaachiwa zile zilizotoboka. Zile nzuri za kuchaguliwa kwanza huitwa kamera, na mama alikuwa hodari wa kamera. Jumamosi moja nilikwenda naye nimsaidie kubeba. Tulipanda gari la kwanza la Kayole, bado giza. Siku chache kabla alikuwa amemwachia muuzaji mmoja pesa za beli nzima, pesa alizokusanya kwa miezi.

Tuliposhuka tukanusa moshi. Gikomba imeungua mara nyingi, kila mwenyeji wa Nairobi anajua. Usiku ule upande aliouzia yule mtu ulikuwa umekwisha. Mabati yalikuwa yamejikunja kama majani makavu. Watu walikuwa wakichokora majivu kwa vijiti. Yule muuzaji tulimkuta ameketi juu ya jiwe, mikono kichwani. Alipomwona mama alitaka kusimama.

"Mama, pesa yako..." akaanza.

"Kaa chini, baba," mama alimwambia. "Pole sana. Tutaongea siku nyingine."

Hatukukaa. Mama aliingiza mkono mfukoni akahesabu alichobaki nacho, akahesabu tena. Kisha akanitazama, akajaribu kucheka. "Leo tunapanda namba 11," akasema. Kwa asiyejua, namba 11 haina konda wala steji. Ni miguu miwili.

Tulitoka Gikomba, tukapita Burma na City Stadium, tukaishika Jogoo Road. Jua lilitukuta karibu na Kaloleni. Matatu zilikuwa zikitupita na muziki wao, makanga wakituita, "Mathe, twende! Beba! Beba!" na mama akipunga mkono kama mtu aliyechagua kutembea. Tulipofika Makadara kamba ya kiatu changu ilikatika. Mama akachana ukingo wa leso yake, akanifunga kiatu mguuni, akakaza mara mbili. Hapo ndipo alipoanza kuhesabu kwa sauti ya chini, nadhani alisahau kwamba nipo: kodi ya nyumba, karo ya kaka yangu, deni la chama, unga. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba mama huhesabu. Nilidhani pesa hukosekana tu, kama mvua.

Tukavuka Outer Ring pale Donholm, tukashika Manyanja Road. Tulipokaribia nyumbani mama alisimama, akanifuta vumbi usoni na akaniambia neno moja: "Wakikuuliza, sema tulikosa gari."

Naam. Nilisema tulikosa gari. Na nadhani nimeendelea kusema hivyo mpaka Kidato cha Nne. Ile treni ya kulala na mhudumu wa glavu nyeupe ilikuwa ni njia nyingine ya kusema tulikosa gari.

Sasa tutazame vitabu vyetu vya fasihi, kwani Karatasi ya Tatu ina insha mbili zinazovihusu, na wengi wetu tunadhani mambo ya safari yanaishia kwenye swali la kwanza. Chukua The River and the Source cha Margaret Ogola, daktari wetu aliyefariki mwaka 2011, kitabu kilichopata Tuzo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1995 kwa vitabu vya kwanza Afrika. Kilitahiniwa kwa miaka mingi na kaka na dada zetu wanakijua. Akoko, mjane, anafunga safari mpaka Kisumu kumshtaki shemeji yake mbele ya mkuu wa wilaya Mzungu, kwa kuwa ananyakua kisichokuwa chake. Mwandishi hapotezi muda kutusifia ndege na anga. Tunamfuata Akoko kwa sababu tunajua anataka haki, na tunaogopa asiipate. Mwanawe wa kwanza, Obura, naye aliondoka akaenda kwenye vita vya Wazungu akafia Tanganyika. Umeona? Tumerudi Kariokor bila kupanga.

Chukua The Caucasian Chalk Circle, tamthilia ya Mjerumani Bertolt Brecht, ambaye aliiandika mwaka 1944 akiwa mkimbizi Marekani. Grusha, mjakazi wa jikoni, anakimbia na mtoto asiye wake kuelekea milima ya kaskazini. Anafika kwenye daraja bovu, wachuuzi wanamkanya asivuke, askari wako nyuma yake. Anavuka. Kuanzia hapo, yule mtoto si wa mtu mwingine tena moyoni mwake. Hata Fathers of Nations cha Paul B. Vitta, kilichotahiniwa miaka hii ya karibuni, kinawakusanya wanaume wanne Banjul, kila mmoja na kidonda kilichomtoa kwao. Ukiandika kuhusu hao wanne ukasahau kidonda, ukabaki na hoteli tu, umeandika kama mimi na treni yangu.

Na tusidhani jambo hili ni la Kiingereza peke yake. Mwaka 1896 Mngazija mmoja, Selim bin Abakari, alisafiri na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, akaandika safari yake kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1901 pamoja na safari za Waswahili wengine. Mtu wa visiwa vya joto akaeleza nchi ya barafu kwa lugha yetu hii hii! Hakuwa na daftari la kukariri. Alikuwa na macho.

Kwa hivyo rai yangu ni hii: safari haianzi kituoni, huanza kwenye sababu. Mandhari ni nguo, sababu ndiyo mwili. Insha tunazokariri zina nguo tu, na ndiyo maana swali likigeuka kidogo zinaanguka.

Najua mtanipinga. Mmoja atasema, "Mtahini hajui Manyanja Road iko wapi." Haidhuru. Hata wewe hujui milima ya Grusha iko wapi na bado moyo ulikuruka alipokuwa darajani. Mweleze mtahini kiasi cha kumwezesha kuona, basi.

Wa pili atasema, "Nikiandika habari za kukosa nauli nitaonekana naomba huruma." Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Mtahini hagawi alama za huruma, wala hatakiwi. Na si kwamba umaskini una utamu wake. Asiyelala njaa asiisifu njaa. Ninachosema ni kwamba uandike unachokijua. Kama baba yako ana gari na mlikwenda Mombasa kweli, andika, lakini tuambie kilichotokea ndani ya gari hilo, nani alinyamaza kutoka Mtito Andei mpaka Voi na kwa nini.

Wa tatu atasema, "Lakini ni insha ya kubuni, si ushahidi wa mahakamani." Kweli kabisa. Buni! Badilisha majina, ongeza mvua, mpe mama yako duka. Lakini kubuni si kuazima. Anayebuni hujenga kwa matofali yake.

Na wa nne, huyu ndiye ninayemwonea huruma zaidi, atasema, "Kiingereza changu ni kibovu, bila kukariri sina maneno." Rafiki, yale maneno ya kukariri ndiyo yanayokuanika. Aya ya kwanza inang'aa kama bati jipya, ya pili inavuja. Msahihishaji huona mshono mara moja. Afadhali sentensi fupi na sahihi tangu mwanzo mpaka mwisho. Wala sisemi safari ya kweli husamehe tahajia mbovu. Sarufi ni nauli. Bila nauli utashushwa njiani, hata kama unakokwenda ni kuzuri.

Baada ya kulaumu, nitoe ushauri, maana mkosoaji bila dawa ni mganga wa kelele.

Kwanza, lisome swali mpaka ulione neno linalouma. Safari iliyombadilisha, safari iliyokatizwa na safari isiyo na marudio ni safari tatu tofauti, wala haziwezi kupanda gari moja.

Pili, kabla ya kuandika jiulize maswali matatu. Aliondoka kwa nini? Njiani alizuiwa na nini, na kilimgharimu nini? Aliyefika ni yuleyule aliyeondoka? Ukikosa jibu la tatu, usianze bado.

Tatu, na hapa ndipo Chama cha Kiswahili kinapoingia, msimulie mwenzako kisa hicho kwanza kwa Kiswahili, dakika tano tu, kama unavyosimulia mkiwa nyuma ya matatu. Akikuuliza, "Halafu?" ujue kisa kipo. Akianza kupiga miayo, ujue umempeleka Mombasa kwa treni. Kisha ndipo ukiandike kwa Kiingereza. Mimi nimejaribu, na nimeona kwamba fikira zikishanyooka katika lugha niliyoishi nazo, Kiingereza huzifuata bila kuburutwa sana.

Nne, uwe na daftari dogo la safari zako. Kila siku mstari mmoja: ulichosikia kwenye gari, mzee aliyekataa kuketi, konda aliyesamehe mtoto nauli. Baada ya muhula mmoja utakuwa na mali ambayo hakuna mwenzako anayeweza kuinakili.

Tano, gawanya muda. Saa mbili na nusu ni dakika 150, insha ni tatu, kwa hivyo kila moja ina dakika 50. Anayemaliza dakika 80 akisifu anga kwenye insha ya kwanza, Akoko na Grusha wote watamwachia mlango wazi na hatafika.

Je, mimi mwenyewe nilifanyaje? Katika mtihani uliofuata swali la safari halikuja vilevile, lakini lilikuja jingine lililotaka kisa cha siri iliyotunzwa. Niliandika ile Jumamosi ya Gikomba, nikaanza na maneno ya mama, "sema tulikosa gari." Nilipata 15 kwa 20. Si alama za kutangaziwa paredi, na kulikuwa na nyekundu nyingi kwenye vitenzi vyangu. Lakini wasomaji tisa hawakuwa na insha kama ile.

Jioni nilimsomea mama, nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Alikuwa akipanga nguo za kuuza kesho yake. Nilipofika kwenye hesabu zake za Makadara aliacha kupanga.

"Mtihani si ni wa Serikali?" akaniuliza. "Sasa wewe unaiambia Serikali mambo yetu?"

Nikanyamaza. Kweli sikuwa nimemwomba ruhusa, na kosa hilo nalikubali hapa mbele yenu. Mtu anayeandika safari yake hubeba na wengine waliokuwa njiani. Baada ya kitambo mama akachukua sweta ya mtoto, akaikunja, akasema bila kuniangalia, "Halafu umekosea. Leso haikuwa na maua. Ilikuwa ile ya bluu ya mistari. Rekebisha."

Nimerekebisha, na kabla ya kuleta makala haya kwa katibu nilimwomba ruhusa. Alinipa.

Lile daftari la zamani nimelirudisha kwa vijana wa Kidato cha Pili, kwani si langu. Lakini kwenye ukurasa wa treni nimeandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: treni hii iliacha kubeba abiria mwaka 2017, tafadhali tafuta gari jingine.

Wanachama wenzangu, mtihani wa taifa uko mlangoni. Nawatakia safari njema, na iwe yenu wenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama. Kwaherini.